Askari wa Polandi walioishi uhamishoni: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukienda Tengeru, nje kidogo ya Arusha, utakuta makaburi yenye majina ya Kipolandi. Ukiuliza, hukosi wa kukwambia kuwa hao walikuwa walowezi. Hapana. Walikuwa wakimbizi wa Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wanawake na watoto, katika kambi iliyofikia watu 5,000 hivi. Kambi nyingine zilikuwa Masindi na Koja, Uganda. Baba, waume na kaka zao wengi walikuwa vitani bega kwa bega na Waingereza, na habari za askari hao nazo zimepotoshwa sana.

Eti Polandi ilisalimu amri, askari wake wakawa mamluki wa Uingereza. Ujerumani iliivamia tarehe 1 Septemba 1939, Wasovieti wakaingia kutoka mashariki tarehe 17. Warsaw iliangushwa, lakini serikali haikutia saini popote. Ilihamia Ufaransa, na 1940 ikahamia London ikiwa na jeshi lake. Waingereza waliliongoza vitani, ila halikuwa lao.

Eti walipeleka farasi kupambana na vifaru. Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Kule Krojanty, siku ya kwanza ya vita, wapanda farasi waliwavamia askari wa miguu wa Kijerumani na kuwatawanya. Kisha yakatokea magari ya deraya na kuwamiminia risasi. Waandishi wa Kiitaliano walioletwa baadaye waliona mizoga ya farasi, na vifaru navyo vilikuwa vimeshafika, wakajumlisha wenyewe. Propaganda ya Wajerumani ikaongeza chumvi. Kumbe vikosi hivyo vya farasi vilibeba mizinga ya kutobolea vifaru.

Eti mchango wao ulikuwa mdogo. Waulize marubani wa Kipolandi wa kikosi namba 303 katika jeshi la anga la Uingereza. Waingereza waliwatilia shaka, wakawazuia chini hadi 31 Agosti 1940, mapigano ya anga ya kuilinda Uingereza dhidi ya ndege za Wajerumani yakiwa yamepamba moto. Kwa wiki sita hivi walidai kuangusha ndege 126. Watafiti wameipunguza hesabu hiyo, kama walivyopunguza za karibu kila kikosi, na bado 303 imebaki miongoni mwa vikosi bora kabisa.

Wapolandi wenyewe nao hutia chumvi kidogo kuhusu Monte Cassino, Italia. Ni kweli bendera yao ndiyo iliyopandishwa kwenye magofu ya monasteri tarehe 18 Mei 1944, baada ya kumwaga damu nyingi mlimani. Lakini Wajerumani walikuwa wameondoka usiku, sehemu kubwa kwa sababu jeshi la Ufaransa, lililojaa Wamoroko na Waaljeria, lilikuwa limepenya milima ya kusini. Waafrika hao hawatajwi sana.

Eti askari wa Cassino walitoka Polandi moja kwa moja. Wengi walitoka magereza na kambi za Kisovieti. Stalin aliwasomba watu wa mashariki ya Polandi hadi Siberia na Kazakhstan, akawaachia 1941 baada ya Hitler kumgeuka. Jenerali Władysław Anders, aliyetolewa gerezani Moscow, akaunda jeshi, na 1942 likavuka hadi Iran pamoja na maelfu ya raia. Askari wakaenda vitani, na sehemu ya raia hao ndio waliopandishwa meli kuja kwetu.

Eti baada ya ushindi walirudi kwao kama mashujaa. Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali yao na kuitambua ile iliyosimikwa na Moscow. Katika gwaride la ushindi la London, Juni 1946, walialikwa marubani wachache tu, nao wakakataa kwenda bila wenzao. Wengi waliogopa kurudi. Jenerali Stanisław Maczek, ambaye kikosi chake cha vifaru kiliukomboa mji wa Breda, Uholanzi, alinyang'anywa uraia wa Polandi, akaishia kuuza vinywaji kwenye baa ya hoteli Edinburgh. Alifariki 1994 akiwa na miaka 102, akazikwa Breda katikati ya askari wake.