Maana ya kufa kuzikana

Watu wa Mombasa wakisema "fulani na fulani ni kufa kuzikana", hawataji mapenzi tu. Wanataja deni, na deni lenyewe hudaiwa siku mmoja wao anapofariki.

Deni hilo ni kazi. Kwa Waislamu maiti huharakishwa kuzikwa, aghalabu siku iyo hiyo, na shughuli ni nyingi: kumwosha, kumkatia sanda, nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, kuchimba kaburi na mwanandani wake, yaani shimo la ndani anamolazwa maiti, kumswalia. Wafiwa hawaachiwi hayo peke yao. Katika mitaa kama Kibokoni au Majengo, jirani huja bila kuitwa. Huyu akashika jembe, yule akaingia jikoni. Jeneza nalo halikai bega moja. Likipelekwa makaburi ya Kikowani, hata mpita njia asiyemjua marehemu hutia bega hatua chache, kisha akampisha mwingine. Kwangu mimi huo ndio wema ulio safi kuliko wote, maana anayetendewa hawezi hata kusema ahsante.

Wazee husema pia "maiti haulizwi sanda". Mwenye haja iliyo wazi hahojiwi kama anataka kusaidiwa, anasaidiwa. Rafiki wa kufa kuzikana hujulikana hapo, naye huwa ameanza zamani, wakati wa ugonjwa, wa ada za shule na wa harusi.

Sasa, aliyezikwa hainuki kuja kumzika mwenziwe. Deni basi hulipwa na wanawe, nduguze na mtaa wake. Ndiyo sababu kijana huambiwa, "Nenda mazikoni, baba wa marehemu ndiye aliyemzika babu yako," hata kama nyumba ile hajawahi kuingia. Wala jambo hili halikomei kwa watu wa dini moja. Jirani Mkristo huja kuhani wafiwa na kusindikiza, na Mwislamu huketi matangani kwake.

Usiuchanganye msemo huu na "kufa kufaana". Methali hiyo hutazama kilichobaki: nyumba, shamba, au nafasi ambayo mwingine ataipata.

Kinyume cha kufa kuzikana, yaani kutozikana, kinatisha kuliko ugomvi wa kawaida. Majirani huweza kugombania mpaka wa kiwanja, wakapitana miaka bila salamu, na siku ya msiba mmoja akaonekana nyuma ya jeneza la nyumba ya pili. Watu wakimwona hujua ujirani ungali hai, na mara nyingi ugomvi huanza kulegea papo hapo. Lakini mtu akitamka "mimi na yeye hatuzikani", wenye busara huacha kesi ya kiwanja, wakashughulikia kwanza kauli hiyo mpaka aifute.