Pasi ya kulehemu kutoka koili ya resho

Katuba, ninakofanyia kazi hapa Lubumbashi, nyumba nyingi zenye umeme zina resho: jiko dogo lenye sahani ya udongo wa kuchomwa na koili iliyolazwa kwenye mifereji yake. Koili hiyo hukatika. Mwenye jiko huzisokota ncha mbili pamoja, anapika siku chache, inakatika tena palepale, mwishowe ananunua mpya na ile ya zamani inatupwa jalalani. Kina mama wa jirani wameshazoea kuniletea. Koili moja ina waya wa kutosha pasi kumi za kulehemu.

Nasema pasi ya fundi redio, ile ambayo huku tunaiita kwa Kifaransa fer à souder. Nimetengeneza kadhaa, za kwangu na za vijana wanaojifunza kwangu, na leo nataka kueleza ninavyozitengeneza na kwa nini. Wengi wanaojaribu wanahangaikia moto. Moto ni rahisi kuupata. Kazi iko kwenye shaba inayoubeba moto huo hadi kwenye kiungo.

Tuanze na hesabu ya koili, kwa sababu ni nyepesi na ukiijua hutabahatisha. Tuseme resho lako ni la wati 1000 kwa volti 220. Zidisha 220 kwa 220, gawanya kwa 1000, unapata 48.4. Hizo ni omu, yaani upinzani wa koili nzima. Kata sehemu moja ya kumi: omu 4.84. Ukiiweka sehemu hiyo kwenye betri ya volti 12, chukua 144, gawanya kwa 4.84, unapata karibu wati 30. Hiyo ndiyo nguvu ya pasi ya kawaida ya kutengenezea redio, chaja na spika. Kipande hicho kilipokuwa kwenye resho kilikuwa kinabeba wati 100, kwa hiyo kwa wati 30 hakichoki upesi.

Usitegemee mita kupima omu 4.84. Nyaya za mita zenyewe zina upinzani wake, na kwenye kipimo kidogo hivyo zinakudanganya. Mimi napima koili nzima, kisha nahesabu mizunguko yake kabla ya kuinyoosha. Ikiwa na mizunguko 250, nakata 25.

Kwa nini volti 12, wakati soketi ya 220 iko ukutani? Kwanza ni uhai. Ukitengeneza kwa mikono yako kitu cha chuma kinachopata moto, ndani yake kuna waya usio na ganda uliotenganishwa na bomba la pasi kwa tabaka la udongo, halafu ukakichomeka kwenye volti 220 na kukishika mkononi, siku tabaka hilo litakapopasuka unaweza kufa. Sikubali mwanafunzi wangu yeyote afanye hivyo. Pili ni waya. Wati 30 kwenye volti 220 zinadai zaidi ya omu 1600, na omu hizo unazipata kwa waya mwembamba kama unywele. Ndiyo maana pasi nyingi za bei ndogo hazistahimili kuanguka. Tatu, umeme wetu hukatika, na betri ya volti 12 inaendelea. Betri ndogo ya amperi-saa 7, kama ile ya ndani ya UPS, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme ukikatika, inanipa zaidi ya saa moja ya kazi bila kuishusha chini ya nusu, kwa sababu pasi inakula amperi 2.5.

Lakini angalia: betri ya gari, injini ikiwa inazunguka, hufikia volti 14.4. Hapo wati 30 zinakuwa karibu 43, ncha inaungua na kuwa nyeusi, na njia za shaba kwenye kadi, ule ubao unaobeba vipande vya redio, zinabanduka. Betri ya sola inayochajiwa adhuhuri ni vilevile. Fanya kazi chaji ikiwa imezimwa, au tumia pawa saplai ya kompyuta ya zamani: waya wa kijani unaunganishwa na mweusi ili iwake, kisha volti 12 unazipata kati ya wa njano na mweusi. Kwenye betri weka fyuzi ya amperi 5 karibu na nguzo yake. Betri ndogo ikipigwa shoti inaweza kuwasha waya mzima.

Sasa shaba.

Mji huu umekua juu ya shaba. Tanuri la kwanza la Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, lilimwaga shaba yake hapa mwaka 1911, na bomba lake la moshi bado ndilo alama ya mji. Kabla ya hapo, karne nyingi, wafua shaba wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, na waliitwa walaji wa shaba. Nikimpa mwanafunzi kipande cha shaba namweleza hayo kwanza, kwa sababu nataka akishike kama kitu cha kwao.

Shaba hupitisha moto karibu mara tano kuliko chuma. Msumari utafikia joto lilelile ndani ya koili, lakini ukiugusisha kwenye kiungo ncha inapoa na moto mwingine unachelewa kufika. Shaba nene hubeba akiba ya moto na kuitoa mara moja. Nachukua fimbo ya unene wa milimita 5 na urefu wa sentimita 7 hivi. Sentimita 4 zinakaa ndani ya koili, zinazobaki zinatoka nje. Hupatikana kwenye nyaya nene za mashine za kuchomelea zilizoungua. Pitisha tupa kabla ya kulipa: ikitokea nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na lehemu haitaishika kamwe. Tafadhali uliza pia imetoka wapi. Kebo mpya iliyochomwa ganda jana usiku huenda imekatwa kwenye laini ya mtaa, na kuna avenyu nzima imelala gizani kwa ajili yake. Sinunui hizo. Hata kebo halali usichome ganda lake, moshi wake ni sumu. Menya kwa kisu.

Mafundi wa mabati walifanya kazi na shaba hiyohiyo bila umeme wowote. Donge la shaba kwenye fimbo ya chuma, mpini wa mti, linawekwa kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, katikati ya makala (makaa). Mwali wa pembeni ya shaba ukigeuka kijani, moto umefika: litoe, lifute, lehemu. Mwenye makala tu na asiye na waya hata mmoja anaweza kuziba ndoo leo hii kwa njia hiyo.

Kijana mmoja aliniletea pasi aliyojitengenezea, akaniita yaya, yaani mkubwa wake, akasema: “Yaya, moto iko, lakini étain inakatala.” Ncha yake ilikuwa nyeusi tii. Shaba tupu ikipata joto hewani huota gamba jeusi, na gamba hilo halipitishi moto vizuri wala halikamati lehemu, étain kama tunavyoiita. Dawa yake ni kuiwahi. Piga tupa ncha ikiwa baridi mpaka iwe nyekundu na kung’aa, washa pasi huku umeshika waya wa lehemu wenye kolofani (utomvu unaosafisha shaba) ndani, na uendelee kugusisha tangu ncha inapoanza kupata moto. Mara lehemu inapoyeyuka, inatandaza ngozi ya fedha juu ya shaba. Ngozi hiyo ndiyo pasi yenyewe. Kila ukimaliza kiungo, futa kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, paka lehemu kidogo, ndipo uiweke chini. Ukizima ikiwa kavu, kesho unaanza upya na tupa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulishangaa: ncha inaliwa. Bati iliyomo kwenye lehemu ikiyeyuka huimumunya shaba, polepole, kama maji yanavyokula chumvi, na baada ya siku nyingi za kazi utaona shimo limechimbika kwenye ncha. Ndiyo sababu ncha za kiwandani hupakwa tabaka la chuma juu ya shaba, na ndiyo sababu hizo usizipige tupa kamwe. Yetu ya shaba tupu inaliwa, tunaipiga tupa, inafupika, tunaendelea.

Kuunganisha vyote: natumia bomba la shaba ya njano la antena ya redio iliyovunjika, lile ambalo fimbo inaingia bila kulegea. Bomba la mabati ya zinki siligusi, likipata moto linatoa moshi mbaya. Juu ya bomba inakuja maika, zile karatasi za mawe zinazong’aa ndani ya pasi za nguo za zamani. Nikikosa maika natumia udongo wa kichuguu uliochekechwa, uliochanganywa na majivu kidogo. Vichuguu vyetu vya Katanga vina udongo unaovumilia moto. Watu wanachoma nao matofali. Napaka tabaka jembamba, naacha likauke kivulini siku mbili, nasokota waya juu yake bila mizunguko kugusana, kisha napaka tabaka la pili. Mara ya kwanza kuwasha ni kwa volti 5 za pawa saplai ileile, nusu saa, unyevu utoke taratibu. Ukiharakisha, udongo unapasuka. Usitumie kamwe zile karatasi laini za kijivu za asbesto zilizomo kwenye vifaa vya zamani. Vumbi lake linaingia mapafuni na halitoki.

Mahali niliposhindwa mara ya kwanza ni pale waya wa koili unapokutana na waya wa shaba wa betri. Nilivisokota pamoja ndani ya mpini, nikadhani yatosha. Baada ya wiki moja kiungo kilikuwa kimeota kutu, kikaanza kutoa cheche, na mpini ukaungua mkononi nikiwa natengeneza redio ya mzee mmoja. Kulehemu hapo hakusaidii, waya wa koili haushiki lehemu ya kawaida. Bana kwa skrubu. Natoa vipande vya shaba ya njano vilivyomo ndani ya plagi mbovu, vile vyenye skrubu yake, navifunga nje ya sehemu ya moto, sentimita 3 mbali na koili. Mpini ni mti mkavu wa ufagio uliotobolewa, na kati yake na koili acha nafasi hewa ipite.

Lehemu nayo haiko mbali na kwetu. Bati hutoka kwenye kasiteriti, jiwe lenye madini ya bati, na Manono, iliyokuwa Katanga kabla mikoa haijagawanywa mwaka 2015, ilijulikana kwa bati kwa miaka mingi. Nunua ile ya 60/40, bati 60 na risasi 40, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya baada ya Julai 2006 kwa kawaida vina lehemu isiyo na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi. Hapo subiri ncha ishibe moto, au changanya kwanza na lehemu yako. Moshi unaouona unatoka kwenye kolofani na unakera mapafu, fungua dirisha. Risasi inaingia mwilini kwa mikono: nawa kabla ya kula, na watoto wasicheze na mabaki. Asidi ya kulehemia mabati iache huko huko kwenye mabati. Kwenye kadi ya redio itakula njia za shaba hata baada ya mwenye redio kwenda nayo nyumbani.

Kwa vipande vidogo vya simu pasi hii sikushauri, haina kidhibiti joto. Kwa redio, taa za sola, chaja na nyaya za spika inafanya kazi kila siku mezani kwangu. Fimbo naishikilia kwa skrubu moja ndogo upande wa bomba. Ncha ikifupika, izime, iache ipoe, legeza skrubu, vuta shaba nje sentimita moja, kaza, kisha piga tupa na upake lehemu kama siku ya kwanza.