Unyevu wa mbao ni nini: kwa anayetaka kununua nyumba ya mbao Goma

Mbao ikinyeshewa, imelowa. Jua likitoka inakauka, na hakuna neno. Unyevu ni jambo lingine: ni maji yaliyokwisha kuingia ndani ya mti na hayana pa kutokea. Mnunuzi wa nyumba ya mbao iliyotumika huchanganya haya mawili. Anaogopa doa la mvua ya jana ukutani, kisha anaruka juu ya boriti ya chini ambayo imelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mafundi wa mbao hupima unyevu kwa asilimia: uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mti uliokauka kabisa. Ukizidi asilimia 20 hivi na kubaki hapo, kuvu inayoozesha mti inapata nafasi ya kuota. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama nyumba inavuja. Nyumba nyingi zinavuja. Swali ni kama inakauka.

Goma ina namna yake. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na wengi walijenga upya kwa mbao juu ya mawe yale yale, maana mbao ni nyepesi na inaweza kung'olewa ikahamishwa. Ndiyo sababu hapa unaweza kuuziwa nyumba bila kiwanja: unalipa, unabomoa, unabeba. Jiwe la volkano lina matundu na linakunywa mvua haraka, basi watu husema Goma hakuna unyevu. Kwa ardhi, sawa. Lakini tazama nyuma ya nyumba, upande usiopitwa na watu. Pale mchanga mweusi umesombwa na mvua ukalundikana juu ya mawe ya msingi hadi kugusa ubao wa kwanza, au mtu amemwaga sementi ya veranda ikapanda juu ya boriti. Hapo maji yanaingia, upepo hauingii.

Chukua turnevisi (bisibisi), ukandamize ncha kwenye boriti ya chini, hasa pembeni zinapokutana mbao mbili, na chini ya madirisha. Mti mzima unakataa. Uliooza unapokea bila sauti. Gonga pia kwa mpini: mbao kavu inalia, yenye unyevu inajibu kwa sauti nzito. Usidanganywe na mafuta meusi ya injini yaliyopakwa nje. Yanasaidia kidogo dhidi ya wadudu, ila yanaficha kila doa, na turnevisi haisomi rangi.

Misumari nayo inasema. Mbao zetu nyingi ni za mikaratusi, na mti huo una tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti wenyewe. Ikikutana na chuma penye maji inaacha alama nyeusi ya samawati kuzunguka kichwa cha msumari. Alama moja moja inaweza kuwa ya zamani, ya siku mbao ilipopigiliwa ingali mbichi. Mstari mzima wa alama chini ya paa ni njia ya maji. Kisha inua macho kwenye manjanja, yaani mabati ya paa: moshi wa volkano una gesi ya salfa inayofanya mvua kuwa na asidi, na mabati hapa yanaliwa na kutu mapema. Simama ndani, funga mlango, utafute vitundu vya mwanga.

Kuna pia unyevu usiotoka mvuani kabisa. Watu wanne wanalala chumba kimoja, mbabula, jiko la makaa, imepika ndani, usiku ni wa baridi. Mvuke unagusa bati na kudondoka juu ya tiripleksi (plaiwudi) ya dari. Asubuhi utaapa kwamba paa linavuja. Ukitaka kujua unyevu wa sakafu unatoka wapi, bandika kipande cha plastiki juu ya sementi kwa utepe pande zote, ukiache mpaka kesho. Matone yakiwa chini ya plastiki, yanatoka sakafuni. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba.

Mimi nilinunua mwezi wa Julai, kiangazi, wakati hata sifongo ingeonekana kavu. Komisioneri, yaani dalali, aliniambia, "Papa, iyi nyumba haiyavuya hata siku moja." Huenda alisema kweli. Mvua ya Septemba haikupita paani, ilirukia kutoka chini, ikichapa mawe na kulowesha mbao mbili za kwanza kila jioni, mwezi mzima. Ukilazimika kununua kiangazi, nusa. Ingia asubuhi kabla madirisha hayajafunguliwa, usogeze kabati, uweke pua ukutani.

Mbao mbili za chini zikiwa zimeoza, si mwisho wa biashara: zinabadilishwa, unapunguza bei. Nguzo za pembeni ni habari nyingine. Na kama nia yako ni kuing'oa nyumba na kuihamisha, hesabu mbao zitakazofika zikiwa nzima, maana iliyooza huvunjika kwenye msumari siku ya kubomoa, na hiyo umeshailipia.