Simba wa Tsavo hawakula watu 135

Hapa Malindi, ukitaja stesheni ya Tsavo barazani, hukosi kuambiwa kwamba simba wawili walikula wajenzi wa reli 135. Hadithi imetufikia vizuri, kama maji ya mto Tsavo yanayopita chini ya daraja lile la reli na kuishia baharini hapa kwetu kwa jina la Sabaki.

Simba walikuwepo kweli. Mwaka 1898 walivamia kambi za vibarua waliojenga daraja, kazi ikasimama, na mhandisi John Patterson akawaua wote wawili mwezi Desemba. Mwanzoni aliandika kwamba waliliwa Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyewaandika. (Hilo la kutoandikwa lingestahili kuzungumzwa zaidi kuliko simba wenyewe.) Idadi ya 135 aliitoa miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1920, wakati ngozi zilipouzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago.

Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao, kwani chakula huacha alama mwilini. Makadirio yao ni watu 35 hivi: mmoja alikula takriban 24, mwenzake 11.

Na vibarua wa Kihindi waliokufa katika ujenzi wa reli nzima walikaribia 2,500. Wengi waliuawa na maradhi.

Stesheni yenyewe imepoa. Tangu SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, ianze mwaka 2017, treni ya abiria haisimami tena pale.