Hoja ya shule yenu iko Mengineyo au Yatokanayo?

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mtendaji wa kata hapa Tanzania, na kwa nafasi hiyo nilikuwa katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ndiyo maana wazazi wakiniambia, "Tumelalamikia vyoo vya shule mpaka tumechoka," ninawauliza kwanza: mlilalamika kwenye ajenda ipi?

Mikutano yetu ina mpangilio wake. Kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (yaani utekelezaji wa yaliyoamuliwa kikao hicho), taarifa ya mapato na matumizi, na mwisho kabisa mengineyo. Mwananchi wa kawaida husubiri mengineyo. Saa hiyo jua ni kali, nusu ya watu wameshaondoka. Mzazi anasimama, anaeleza kwa uchungu, anapigiwa makofi, na mwenyekiti anajibu: "Suala limechukuliwa." Kwenye muhtasari unabaki mstari mmoja, "Wananchi walilalamikia hali ya vyoo." Mstari huo haumtumi mtu yeyote kufanya jambo lolote.

Kinachotakiwa ni azimio: nini kifanyike, nani akifanye, lini alete jibu. Na hesabu iwemo. Kiwango cha taifa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15. Kama yapo sita, andikeni upungufu wa tisa. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati ya shule, basi yeye apewe tarehe ya kulifikisha kwa halmashauri ya kijiji. Azimio la namna hiyo linarudi lenyewe kikao kijacho kwenye yatokanayo, na mhusika anatakiwa kusimama na kujibu.

Kutoka kijijini (mjini ni mtaa) hoja inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Diwani akiwa na azimio la kata mkononi, ana la kusema barazani na kwenye kamati ya kudumu inayoshughulikia elimu. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Nendeni mkaketi nyuma, mkasikilize kama kata yenu imetajwa. Diwani akiwaona wapiga kura wake ukumbini husimama mapema.

Msimu nao una uzito. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini vipaumbele vya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla. Hoja nzuri ikifika Aprili, makadirio yameshapita.

Hapa niseme jambo linaloniumiza. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, nimeona walimu wakuu wakiitwa wezi mbele ya wanafunzi wao kwa sababu vyoo havijajengwa. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hiyo ni ya chaki, vitabu, mitihani na ukarabati mdogo. Haijengi choo. Dai matumizi yake yasomwe na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, ni haki yako, lakini fedha za ujenzi zitafute kwenye bajeti ya halmashauri ya wilaya au ya mji, si ya kijiji.

Mama mmoja katika kata yangu alikuwa akiandika kwenye daftari tarehe ya kila mkutano na jibu alilopewa. Siku moja, muhtasari ulipoletwa uthibitishwe, alinyoosha mkono akaomba asomewe sehemu ya vyoo. Haikuwemo. Akasema muhtasari haujakamilika, na wenzake wakamuunga mkono. Mtendaji wa kijiji akaiongeza kwa kalamu pale pale, mwenyekiti akasaini pembeni. Robo iliyofuata, vyoo vilikuwa namba moja kwenye yatokanayo.