Mbona ya Zamani Anayakumbuka? Maswali na Majibu Kuhusu Kumbukumbu

Wanaoletwa kwangu kwa tatizo la kusahau, wengi huwa wameshachelewa. Si kwa mwezi mmoja, kwa miaka miwili au mitatu. Nikiuliza mlikuwa mnangoja nini, jibu ni lile lile: "Daktari, tuliona ni mzima, mbona ya zamani anayakumbuka yote?" Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika majibu haya.

Kumbukumbu ni nini?

Ni kazi tatu za ubongo: kunasa jambo, kulihifadhi, na kulitoa linapohitajika. Kuna kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshika namba ya simu wakati unaibonyeza. Mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba hubeba vitu kama 7 kwa mara moja. Watafiti waliomfuata wameshusha hadi kama 4. Kisha kuna ya muda mrefu, na humo mna matukio, maarifa, na ujuzi wa mikono kama kuendesha baiskeli. Hivi ni vyumba tofauti. Ugonjwa unaweza kubomoa kimoja ukakiacha kingine kimesimama. Shika hilo, tutalihitaji.

Nasahau nilipoweka funguo. Naumwa?

Hapana. Mara nyingi hata hukusahau: uliziweka huku akili iko kwenye simu, kwa hiyo hakuna kilichonaswa. Na hata kinachonaswa huvuja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha mwaka 1885 kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya alichokariri kilikuwa kimeshamtoka, kisha upotevu ukapungua kasi. Huyo ni mtu mwenye afya, hajafika miaka 40. Ukisahau zilipo funguo, tulia. Ukizishika mkononi usijue ni za kufanyia nini, njoo.

Mama anasimulia ujana wake bila kukosea, lakini ya asubuhi hana. Si dalili kwamba kichwa bado kizima?

Hapana. Na nitalirudia jibu hili chini, maana najua halisikiki mara ya kwanza.

Mwaka 1953 huko Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa kilichomshinda. Daktari William Scoville alimtoa sehemu za ndani za pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilicho usawa wa masikio. Kifafa kilipungua. Lakini kuanzia hapo Henry hakuweza kuweka kumbukumbu mpya ya tukio lolote. Utoto wake aliukumbuka. Aliongea vizuri, akili yake ilikuwa nzuri, adabu anazo. Mtafiti akitoka chumbani akarudi baada ya muda mfupi, Henry alimsalimia kama mgeni.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Ni kazi ngumu, jaribu uone. Siku baada ya siku mkono wa Henry ulizidi kuwa hodari, na kila siku yeye akaapa hajawahi kuifanya. Chumba cha ujuzi kizima, chumba cha matukio mapya kimefungwa. Aliishi hivyo hadi 2008.

Sasa mrudie mama. Ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu seli za ubongo polepole, mara nyingi huanzia eneo hilo hilo la hipokampasi. Ya zamani yalishahifadhiwa kwingine miaka mingi iliyopita, kwa hiyo yanadumu zaidi. Ya asubuhi hayana pa kuingilia. Kukumbuka ujana na kusahau asubuhi si dalili ya uzima. Ndiyo sura yenyewe ya ugonjwa.

Lakini ana miaka 70. Si uzee tu?

Uzee hupunguza kasi. Jina linachelewa, linakuja usiku umeshalala. Uzee haumfanyi mtu aulize swali moja mara tano ndani ya saa moja, wala apotee njia ya nyumbani kwake. Mgonjwa wa kwanza aliyeelezwa na daktari Alois Alzheimer, mwaka 1906, alikuwa amelazwa hospitali akiwa na miaka 51. Miaka 51 ni uzee gani?

Nina jaribio dogo. Nampa mtu karatasi, namwomba achore uso wa saa, aweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Baba mmoja aliyekuwa akinichekesha kwa hadithi za kazini kwake alichora duara safi kabisa, kisha namba zote 12 akazirundika upande wa kulia, zikabanana hadi za mwisho zikatoka nje ya mstari. Akaitazama karatasi, akanitazama, akasema, "Tayari." Mwanawe aliyekuwa ametoka kuniambia mzee ni mzima alinyamaza. Jaribio moja halitoi jibu la ugonjwa, lakini lilimaliza ubishi uliodumu miaka miwili.

Kwa hiyo maadamu ya zamani anayakumbuka, tunaweza kungoja?

Hapana. Msingoje. Mnapima kwa kipimo kisicho chake. Msimuulize alioa mwaka gani; tazameni kama anakumbuka mgeni aliyekuja asubuhi. Msimuulize jina la mwalimu wake. Tazameni kama dawa ya presha ameimeza mara moja au mara tatu.

Na kungoja kuna hasara. Baadhi ya kusahau hutibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, pombe, dawa anazomeza mwenyewe. Alzheimer haina tiba ya kuimaliza, lakini anayefika mapema bado anaweza kuamua mwenyewe nani atamsimamia na mali yake iende wapi. Anayefika mwaka wa tatu huamuliwa.

Amebadilika tangu juzi. Anaita watu majina siyo, usiku halali.

Acha kusoma, mpeleke hospitali leo. Leo, si kesho. Demensia, yaani magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kama Alzheimer, hujengeka kwa miezi na miaka. Kichwa kilichochanganyikiwa ndani ya saa au siku ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au mapafu, sukari iliyoshuka, kiharusi, kukosa maji mwilini, dawa mpya, au damu iliyojikusanya ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Kuanguka kwenyewe kunaweza kuwa kulitokea wiki kadhaa nyuma na kila mtu akasema "hakuumia". Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikokota, msipoteze hata dakika ya kubishana.

Wapo wanaochanganyikiwa kwa kelele. Wapo pia wanaonyamaza na kusinzia mchana kutwa, na familia hufurahi kwamba leo ametulia. Hajatulia.

Anadai ameshaoga na hajaoga. Kwa nini anatudanganya?

Hadanganyi. Kumbukumbu si picha ya video. Kila tunapokumbuka tunaijenga upya, hata mimi na wewe. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari mwaka 1974. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipobamizana" walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana", na wiki moja baadaye walikuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Neno moja tu, kwa watu wenye afya. Mgonjwa naye huziba pengo kwa kile alichofanya kila siku, yaani kuoga, na anakiamini.

Kwa hiyo hiyo mitihani ya sebuleni, "huyu nani? leo tarehe ngapi? kumbuka basi!", tafadhali ikome. Haimponyi, inamtia aibu mbele ya wajukuu.

Nimnunulie dawa gani ya kumbukumbu?

Usinunue. Kwanza hesabu zile anazomeza tayari. Dawa za usingizi, na zile za mzio zinazoleta usingizi, huzidisha kusahau kwa wazee, na nyingine huongeza hatari ya kuanguka. Ila usizikatishe ghafla wewe mwenyewe, zilete.

Nikimleta, nije na nini?

Dawa zote ndani ya mfuko mmoja, hata za majani, hata alizopewa na jirani. Karatasi yenye tarehe: lini mlianza kuona, nini kilitangulia, amewahi kuanguka lini. Miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho, maana nimeshaletewa "wasahaulifu" ambao tatizo lao lilikuwa nta masikioni. Na aje na mtu anayeishi naye, si yule anayempigia simu mara moja kwa mwezi. Huyo wa simu ndiye hunihakikishia kwamba ya zamani anayakumbuka yote.