Studio ya besimenti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa anayeishi Marekani au Kanada, wazo la studio ya nyumbani huanzia kwenye besimenti, kile chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Wapo ndugu zetu wanaorekodi kaswida, nyimbo za kwaya na podikasti humo. Ushauri wanaopeana una makosa ya kurithiana, na mengi yanatokana na kuchanganya kazi mbili. Kuzuia sauti isitoke wala isiingie ni kazi moja. Kutuliza sauti iliyomo ndani ni kazi nyingine, na vifaa vyake ni vingine.

"Bandika trei za mayai au sponji, jirani hatasikia kitu."

Atasikia. Sauti huzuiwa na uzito, na kuta zisizogusana: tabaka mbili za jipsamu, pamba ya mawe katikati, mlango mzito usio na upenyo hata chini. Panapopita hewa, sauti hupita. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi, inapunguza kidogo tu zile sauti nyembamba za juu. Sponji nayo hutuliza mwangwi wa "s" na "ch", lakini ngoma na besi huipita kana kwamba haipo.

Na hili la sponji naomba tusilichukulie kwa wepesi. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station, mjini West Warwick, Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya poliuretani iliyobandikwa ukutani ili kelele zisiwafikie majirani. Watu 100 walipoteza maisha. Sponji ya magodoro au ya kufungashia vitu hushika moto kwa sekunde chache, na moshi wake ni sumu. Sasa fikiria besimenti yenye ngazi moja tu ya kupandia. Pamba ya mawe haiungui, na hutuliza sauti vizuri kuliko sponji nyembamba. Itie kwenye fremu ya mbao, ifunike kwa kitambaa, basi.

"Chini ya ardhi ni kimya."

Kuta za zege zenye udongo nyuma yake kweli huzuia kelele za barabarani. Tatizo liko juu ya kichwa chako. Dari ya besimenti ni boriti za mbao zinazobeba sakafu ya juu, na mtoto akikimbia sebuleni, kishindo kinaingia kwenye boriti moja kwa moja. Pamba utakayojaza kati ya boriti itasaidia mazungumzo yasipenye, lakini kishindo hakitaisha. Dawa ya bei nafuu huwekwa juu, siyo chini: zulia nene lenye mpira chini yake. Dawa ya ghali ni dari ya jipsamu iliyoning'inizwa kwa vishikizo vya mpira, nayo inakula sentimita kadhaa za chumba ambacho tayari ni kifupi. Ukizima mashine ya kupasha nyumba joto ili mvumo wake usiingie kwenye rekodi, usisahau kuiwasha tena. Wakati wa baridi kali mabomba ya maji huganda na kupasuka.

"Zege nene, basi na ndani sauti itakuwa safi."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Zege linalozuia sauti ya nje ndilo hilo hilo linaloirudisha sauti yako ndani, hasa besi, ambayo katika nyumba ya mbao sehemu yake ingetoroka kupitia kuta. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Chumba cha urefu wa mita 4 kitavimbisha besi ya karibu hezi 43 (yaani mitetemo 43 kwa sekunde), na dari ya mita 2.1 itavimbisha hezi 82, pale pale inapoanzia sauti nzito ya mwanamume. Ndiyo maana msimulizi mwenye sauti nzuri husikika kama anazungumza ndani ya pipa. Weka pamba ya mawe ya sentimita 10 au zaidi kwenye pembe, na juu ya kichwa cha anayeimba, ukiacha nafasi ya hewa nyuma yake. Meza ya kuchanganyia sauti isikae katikati ya chumba, maana hapo hiyo hezi 43 hupotea. Anza kujaribu kwenye asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele, yaani kama mita 1.5, kisha sogea ukisikiliza.

"Maiki ya bei mbaya ndiyo itakayokutoa."

Albamu ya Thriller ya mwaka 1982, Michael Jackson alirekodiwa na fundi sauti Bruce Swedien kwa Shure SM7, maiki ambayo siyo ya kutisha kwa bei. Kwenye chumba kibaya, maiki nyepesi kusikia itaukamata ubaya wote kwa uaminifu. Fedha ziende kwanza kwenye chumba. Na usipandishe sauti ya kurekodia hadi taa nyekundu ya kuonya ikawaka. Ukirekodi kidijitali kwa biti 24, kilele cha desibeli 12 chini ya ukomo kinatosha kabisa.

"Pakikauka, pako salama."

Unyevu ujue kwa kipimo, siyo kwa kugusa ukuta. Uwe kati ya asilimia 30 na 50, la sivyo ukungu utaota nyuma ya fremu zako na maiki za kondensa zitaanza kutatarika. Ila lipo jambo ambalo kukausha hewa hakuliondoi: radoni. Ni gesi inayotokana na urani iliyomo ardhini, haina harufu wala rangi, na nchini Marekani ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Chumba ulichokiziba kila upenyo ili sauti isitoke kinaweza kuikusanya, nawe umo ndani saa nyingi, ukivuta pumzi ndefu za kuimbia. Nchini Kanada, nyumba ambayo radoni yake inazidi bekereli 200 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo inatakiwa irekebishwe. Kipimo huachwa humo angalau miezi 3, ikiwezekana msimu wa baridi. Marekebisho yenyewe ni bomba na feni inayonyonya hewa ya chini ya sakafu na kuitoa nje, na feni hiyo haizimwi. Kwa hiyo pima kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, ujue bomba litapita wapi, ndipo uchague upande wa kuweka maiki.